Ushanga Usiokatwa

Kumaran aliambiwa akae, hakukaa.

“Nikae nini, afande? Mdogo wangu yuko hospitali hajitambui. Mwanamke aliyemtilia sumu yuko pembeni ya kitanda anampepea. Halafu mimi nikae?”

Inspekta Ammini Vareed alimsogezea kiti kwa mguu, akaendelea kunywa chai yake. Alikuwa mkuu wa kituo cha Chirakkulam tangu mwaka uliopita, na alikwisha jua kwamba wafumaji wa mji ule hawana haraka ya jambo lolote isipokuwa kulaumiana.

“Kaa, kaka,” alisema Sajini Sudhakaran kutoka mezani kwake. “Ukiwa umesimama maneno yanakutoka kama mvua, na mwenye kuyaandika ni mimi.”

Sajini mwenyewe alikuwa kituko siku hizo. Sare ilikuwa ya serikali, lakini miguu ilikuwa mitupu, ndevu zimeachwa ziote zinavyotaka, na kwenye ukosi wa shati ulichungulia ushanga wa nadhiri. Kila mwaka msimu huu Sudhakaran aliweka nadhiri ya mungu Ayyappan, na mpaka apande mlima wa Sabarimala mji mzima ulimwita Swami, kama wanavyoitwa wote waliovaa ushanga. Inspekta, ambaye kwao ni watu wa kanisa, alimwita Swami pia, ila yeye alikuwa anamtania. Sajini alikuwa anatafuna iliki. Aliitafuna tangu asubuhi hadi jioni, na aliyemsemesha kabla hajaitia mdomoni alijuta.

Kumaran akakaa. Maneno yake yalikuwa hivi. Mdogo wake, Velayudhan, ana skizofrenia tangu ujana. Jana asubuhi alianguka kutoka kwenye mtambo wake wa kufumia, akatetemeka mwili mzima, povu likamtoka. Hospitali ya wilaya ilipima damu, na majibu yamerudi leo: klozapini, dawa anayokunywa kila siku, imejaa kwenye damu yake mara mbili ya kawaida.

“Anayemgawia vidonge ni nani? Sarasu, mke wake. Kabati la vidonge linafungwa na nani? Sarasu. Ufunguo uko wapi? Shingoni kwa Sarasu!”

“Na kwa nini amdhuru mume wake?”

“Kwa sababu ya safari. Velayudhan ameweka nadhiri mwaka huu, mara yake ya kwanza maishani. Anakwenda mlimani na kundi letu. Sarasu hataki. Amesimama uani, watu wote wanasikia, akapiga kelele: ‘Huendi! Nitahakikisha huendi!’ Swami, wewe ulisikia?”

“Mtaa mzima ulisikia,” alisema Sudhakaran bila furaha.

“Basi mkamateni. Na mdogo wangu nikimpata, namrudisha nyumbani, na hivyo vidonge navimwaga mtoni. Vimemla vya kutosha.”

Alipoondoka simu ililia. Mkubwa wa polisi wa wilaya alikuwa amekwisha pata habari. Kumaran alikuwa na mkono mrefu kuliko alivyoonekana. Majibu ya damu yapo, ufunguo upo, kauli ya uani ipo, alisema mkubwa, kwa hiyo mama huyo awe rumande kabla jua halijazama.

“Nimesikia, bwana,” alisema Inspekta. Akaweka simu chini, akamalizia chai. “Swami, twende tukaone hilo kabati.”

Nyumbani kwa Velayudhan, kabati lilikuwa safi kuliko kituo cha polisi. Sarasu hakuwepo, lakini alikuwa ameutuma ufunguo kituoni mwenyewe, bila kuombwa. Vidonge vilikuwa kwenye pakiti zake, vimepangwa kwa wiki. Inspekta alikaa kitako sakafuni akavihesabu, akavihesabu tena kuanzia nyuma. Vilivyobaki ndivyo vilivyotakiwa kubaki, kidonge kwa kidonge. Akampigia mwenye duka la dawa. Klozapini haiuzwi kiholela, alijibu yule mtu kwa kujisikia. Hapewi mtu mpaka daktari aone majibu ya damu ya mwezi huo. Hakuna aliyechukua zaidi, wala hakuna duka lingine lenye dawa hiyo mpaka ufike mjini Thrissur.

“Afande!” Sudhakaran alitoka uvunguni na chupa nyeusi, macho yamemtoka. “Hii hapa. Imefichwa. Ina dawa ya mizizi.” Akaifungua akainusa, akapiga chafya mara kadhaa mfululizo.

“Irudishe hiyo, mwizi wewe!” ilisikika sauti kutoka dirishani. Alikuwa shangazi wa Velayudhan, nywele nyeupe, mkono kiunoni. “Ni ya magoti yangu! Naificha kwa sababu Kumaran akiiona anaimaliza yeye. Polisi mzima na ndevu zako, hujui harufu ya dawa ya magoti?”

Chupa ikarudi uvunguni kwa heshima zote.

Mtambo wa Velayudhan ulikuwa kwenye banda la nyuma, na nguo bado ilikuwa juu yake, haijakatwa. Ilikuwa nyeupe kwa pindo la dhahabu, ile ya kuvaliwa sikukuu. Inspekta aliinama akaisogelea mpaka pua ikaribie uzi. Mama yake mzazi alikuwa na nguo moja tu ya namna ile na alizikwa nayo, kwa hiyo alijua anachokitazama. Pindo lilinyooka kuanzia mwanzo wa kitambaa, halina kasoro. Kisha, kuelekea mwisho, kwenye kazi ya wiki iliyopita, likaanza kuyumba, kidogo tu, uzi mmoja huku, mwingine kule. Likayumba zaidi. Mahali alipoangukia, lilikuwa limeharibika kabisa.

“Swami, mtu akila sumu asubuhi, pindo lake linaharibikaje tangu wiki iliyopita?”

“Haliharibiki.”

“Basi hakuna aliyemmwagia dawa kwenye uji jana. Imempanda polepole.”

“Au alimwongezea polepole.”

“Kwa vidonge vipi? Tumevihesabu.”

Sudhakaran alikuna ndevu. Pembeni ya mtambo, mkono wa kulia, palikuwa na kifuu cha nazi kilichoungua ukingoni, na ndani yake vipande vya uzi wa dhahabu. Inspekta alikigeuza, akakirudisha. Akaifunika nguo kwa shuka ili vumbi lisiiguse, kisha wakaenda hospitali.

Velayudhan alikuwa amelala chali, udenda unamtiririka shavuni, macho nusu wazi. Ukimwita alifungua mdomo, jibu likapotea njiani. Ushanga wake ulikuwa bado shingoni. Sarasu alisimama polisi walipoingia, ila hakurudi nyuma hata hatua. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alimtazama Inspekta machoni.

Nesi wa zamu ndiye aliyetangulia kusema. “Afande, huyu mama jana nusura anipige. Tulitaka kuukata ule ushanga tumuwekee mashine vizuri. Akaushika kwa mikono yote miwili. Akasema nikiukata, nimkate na yeye.”

Inspekta alimgeukia Sarasu. “Ulimwambia mumeo ‘huendi’?”

“Nilimwambia.”

“Mbele ya watu?”

“Mbele ya watu, kwa sauti, na leo ningesema tena.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu lile kundi zima la wanaume, hakuna hata mmoja anayejua mume wangu anakunywa dawa saa ngapi. Mimi siwezi kwenda naye, mwanamke wa umri wangu haruhusiwi kupanda mlima ule. Niliwaambia aje mmoja wao nimfundishe. Wakacheka. Kumaran akasema nadhiri inatosha, dawa ya nini tena. Ndipo nikasema basi, huendi.”

“Siku hizi ulimwona amebadilika?”

“Anasinzia. Mate yanamtoka. Nikadhani ni nadhiri. Anaamka gizani kuoga maji ya baridi, anakula mara chache. Hata Swami wako hapo amekonda.”

Sudhakaran alivuta tumbo ndani.

“Unajua kaka yake anasemaje,” alisema Inspekta.

“Najua.” Sauti ya Sarasu haikupanda. “Afande, nilipoolewa nilimkuta huyu mtu anaongea na ukuta. Dawa ya kwanza ilinyamazisha ukuta, lakini ikamkakamaza mikono. Mfumaji, afande, hawezi kushika uzi! Alikuwa anakaa mbele ya mtambo wake analia. Nikamleta kwa daktari Shahina, akapewa hii. Kila mwezi namsimamia damu itolewe. Mikono ikarudi. Umeiona ile nguo bandani?”

“Nimeiona.”

“Chirakkulam nzima kuna mwingine anayefunga pindo vile?”

“Hakuna.”

“Huyo ni mume wangu. Nimemtoa ukutani nikamrudisha kwenye mtambo, halafu nimuue?” Alikuwa na hasira, na alikuwa na fahari, na hakuficha hata kimoja. Akachukua kitambaa akamfuta mumewe udenda.

Inspekta alitoka nje ya wodi na kumwambia Sajini amfuate kwa daktari.

Daktari Shahina Koya alikuwa mfupi, mtandio wa kijani kichwani, na meza yake imejaa vikombe visivyooshwa. Hakusubiri salamu.

“Afadhali mmekuja. Sina muda na mgonjwa hana muda. Dawa nimeizuia tangu jana kwa sababu imezidi. Nikijua imezidi kwa nini, naweza kumrudishia leo jioni kwa kiasi kidogo. Nisipojua, siwezi. Na ikikatika siku zaidi ya mbili, lazima tuanze upya, chembe kwa chembe. Humo katikati sauti zitarudi.”

“Zitarudi hivihivi?”

“Ngoja nikueleze. Ubongo una wajumbe wake. Mmoja anaitwa dopamini. Kazi yake mojawapo ni kukwambia, tazama hapa, hili lina maana. Kwa Velayudhan mjumbe huyo alikuwa anapaza sauti kwa kila kitu. Kunguru akilia, ni ujumbe wake. Jirani akikohoa, anasengenywa yeye. Dawa inakwenda kukaa kwenye viti ambavyo mjumbe huyo hukalia. Akikuta viti vingi vimeshakaliwa, kelele inapungua, na baada ya wiki kadhaa kunguru anakuwa kunguru tu. Dawa haimfukuzi mjumbe. Ukiiondoa, anarudi kukaa.”

“Na ile iliyomkakamaza mikono?”

“Ile ilishika viti kwa nguvu, hata vile vinavyoongoza mwendo wa mwili. Klozapini inashika kwa wepesi na kuachia, tena inagusa viti vya wajumbe wengine pia. Yote hatujayajua bado. Tunachojua ni kwamba inawafaa wengi walioshindwa na dawa nyingine. Lakini ina masharti. Kwa wachache inashusha chembe nyeupe za damu, ndiyo maana tunapima. Na ikijaa kupita kiasi, mtu anasinzia, anatokwa udenda, mwisho anaanguka kifafa.”

“Sawasawa na huyu.”

“Sawasawa na huyu.”

Inspekta alivuta kiti. “Daktari, vidonge havikuzidi. Nimevihesabu kwa mkono wangu, na duka halikutoa vingine. Pindo la nguo yake linaonyesha ameharibika polepole. Mfereji unaoingiza maji kwenye tangi ni uleule, tangi linafurika. Sasa niambie habari za tundu la kutokea.”

Daktari aliacha kucheza na kalamu. “Ini,” alisema. “Dawa inatokea kwenye ini. Homa kali ingeweza kulizuia, lakini hana homa. Dawa nyingine?”

“Hakuna. Tumepata chupa ya magoti ya shangazi, basi.”

“Ugonjwa wa ini? Nimepima, hana. Kinyume chake, ini la Velayudhan linafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana kipimo chake ni kikubwa kuliko cha wengine. Anavuta bidi mno, zile sigara za kusokotwa kwa jani, na moshi wa tumbaku unalichochea ini, linaimaliza dawa haraka. Kwa hiyo nilimwongezea vidonge mpaka…”

Inspekta hakuwa anamtazama yeye tena. Alikuwa anakiona akilini kile kifuu cha nazi, kilichoungua ukingoni kwa bidi za zamani, sasa hakina hata chembe ya majivu. Kisha akamgeukia Sajini, aliyekuwa mlangoni anamenya iliki nyingine.

“Swami. Hiyo iliki unaitafunia nini?”

Sudhakaran aliona haya. “Afande unajua.”

“Sijui. Mimi mtu wa kanisa. Nieleze.”

“Mwenye nadhiri hanywi pombe, hali nyama, halali na mkewe.” Akaitazama iliki mkononi. “Na havuti. Mimi nilikuwa navuta bidi kuliko treni. Ushanga ukivaliwa tu, basi. Iliki ndiyo inayonishika nisitukane watu.”

“Na Velayudhan?”

“Tulivaa siku moja, hekaluni, mwezi ulipoandama. Hajagusa bidi. Mimi mwenzake niliiba moja nyuma ya kituo, Ayyappan anisamehe, lakini yeye hajagusa hata harufu. Kundi zima linamsifu.”

Daktari Shahina alikuwa amesimama. Aliweka mkono kwenye paji la uso, akakaa nao hapo.

“Ameacha bidi,” alisema polepole. “Moshi umekatika, ini limepoa, na mimi bado namlisha vidonge vya mvutaji. Kila anayeingia hapa namuuliza kama anavuta. Sijawahi kumuuliza mtu kama ameacha.”

“Sasa unaijua sababu,” alisema Inspekta. “Jioni unaweza?”

“Kwa kiasi kidogo, naweza. Naweza!” Alikwisha fika mlangoni.

Kumaran alikutwa wodini, amesimama upande mmoja wa kitanda, Sarasu upande wa pili, wakitazamana juu ya mgonjwa.

“Umeleta pingu?” aliuliza Kumaran.

“Nimeleta maswali. Wewe ni mwenye nadhiri wa miaka mingi. Ushanga ukikatwa kabla ya safari, inakuwaje?”

“Nadhiri imevunjika. Haendi.”

“Haendi kabisa?”

“Mwaka huu, kabisa. Kila mtu anajua.”

“Sarasu anajua?”

“Nani asiyejua?”

“Basi nisaidie, kaka. Unasema shemeji yako alitaka Velayudhan asiende, mpaka akamtilia sumu. Jana nesi alikuja na mkasi kuukata ushanga. Sarasu alitakiwa kufanya nini? Kunyamaza tu. Mkasi upite, safari ife, na lawama wabebe watu wa hospitali. Badala yake aliushika kwa mikono miwili, akapigania nadhiri ya mumewe, na leo wewe ukaja kituoni kumtafutia kitanzi.”

Nesi, ambaye hakuna aliyemuuliza, alitikisa kichwa kukubali.

“Na sumu?” alisema Kumaran. “Damu haidanganyi!”

Daktari alimweleza, kwa maneno machache kuliko aliyompa Inspekta: bidi, moshi, ini. Kumaran alisikiliza, uso unabadilika.

“Mnasema nadhiri ndiyo iliyomwangusha?”

“Usimsingizie Ayyappan!” Sudhakaran alifoka. “Nadhiri haina kosa. Mdogo wako amefanya kilichonishinda mimi. Kosa letu ni kwamba tulilitangaza mji mzima, daktari peke yake ndiye hakuambiwa.”

Sarasu alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. “Mimi ndiye niliyelitangaza,” alisema. “Nilimwambia muuza samaki. Nilimwambia mama yangu kwa simu. Nilijisikia sana, afande, mume wangu ameacha bidi. Nilikuja hapa kuchukua dawa na sikusema. Nani anamwambia daktari habari njema?”

“Kuanzia leo, wewe,” alisema Daktari Shahina, akamshika bega.

Inspekta alitoka barazani akampigia mkubwa wa wilaya. Alimwambia hakuna mshitakiwa, hakuna sumu, na kwamba taarifa itakuwa ndefu kwa sababu ina ini ndani yake. Mkubwa alinguruma. Inspekta akamwacha angurume mpaka akachoka, kisha akasema, bila kupunguza sauti, kwamba kazi hii imefanyika sawasawa na yuko tayari kuitetea popote.

Siku ya kufunga mizigo ya safari, hekalu dogo la Chirakkulam lilijaa vikoi vyeusi vya wenye nadhiri. Inspekta alisimama nje ya ukuta, viatu mkononi kwa adabu. Kila msafiri alipewa mfuko wa kubebwa kichwani wenye pande mbili: wa mbele wa sadaka, wa nyuma wa chakula chake mwenyewe cha njiani. Sudhakaran alikuwa wa kwanza kujaziwa, kwa kelele nyingi.

Velayudhan alipiga magoti zamu yake ilipofika. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yake. Alimimina samli kwenye tundu la nazi ya sadaka bila tone kuanguka, kwa mikono iliyotulia. Kisha Sarasu alisogea. Kwenye upande wa nyuma, katikati ya mchele na bisi za mpunga, aliingiza pakiti ya vidonge, vichache kuliko vya zamani. Alifanya hivyo hadharani na polepole, ili kila mtu aone.

Kumaran alikuwa nyuma yake. Alikohoa. Alitazama chini, akatazama pembeni, akawatazama wanaume wa kundi lake, ambao safari hii hawakucheka.

“Shemeji,” alisema. “Kile cha jioni, anakunywa kabla ya kula au baada?”

Wote walimgeukia Sarasu. Alifunga kamba ya mfuko, akaivuta ikakaza, akaufuta vumbi kwa ncha ya nguo yake yenye pindo la dhahabu lililonyooka.

“Muulize mwenyewe,” alisema. “Anajua.”